Tangi la Mama Vuja

Mwanamke aliyeitwa Mama Vuja hakuzaliwa na jina hilo. Kwao, upande wa Ziba, aliitwa Nyamizi, na alipoolewa Tabora mjini alibaki na jina lake, maana mumewe hakuona sababu ya kulibadili. Hilo la Vuja alipewa na wanawake wenye ndoo. Na jina unalopewa na mwanamke aliyebeba ndoo tupu kichwani, hilo halifutiki kwa maji wala kwa sabuni.

Mumewe, Mabruki, alikuwa fundi wa kuchomelea pale Ng'ambo. Babu yake aliingia Tabora na misafara ya zamani, ametoka Manyema na pembe ya ndovu begani, akachoka njiani, akaoa, akakaa. Tangu hapo ukoo wao ulikuwa wa mafundi: mmoja seremala, mmoja wa kutengeneza baiskeli, na Mabruki wa chuma. Watu walimsifu kwa moto wake. Mshono wake ulilala umepangika kama magamba ya samaki. Waliomsifu hawakuingia uani kuona ni nani aliyeandaa chuma kabla moto haujafika.

Aliyeandaa ni Nyamizi. Alianza kwa kushika tu, akishika bamba lisitikisike mumewe akipiga tupa. Siku moja Mabruki aliumwa malaria, na mtu aliyeagiza lango akawa amesimama mlangoni analitaka. Nyamizi akaichukua tupa mwenyewe. Mumewe alipoinuka kitandani na kuona kingo zile, hakusema neno, ila tangu siku hiyo hakuigusa tupa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kwa mkewe, na Nyamizi aliipokea kama sifa, kwa sababu wakati ule alikuwa bado mjinga wa mambo ya wanaume.

Kazi yenyewe haina fahari. Unafunga bamba kwenye jiliwa, ulibane lisicheze. Unasugua kutu na rangi kwa burashi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane, cheupe kama jino la mtoto. Kisha unalaza ukingo kwa tupa, unaukata mshazari, ukiacha mdomo mwembamba upande wa chini ili moto usiule wote. Bamba la pili unalifanya vivyo hivyo. Ukiyakutanisha, katikati yake panakuwa bonde dogo, na chini ya bonde unaacha mwanya wa kupita njiti ya kiberiti. Humo ndimo chuma kilichoyeyuka kinapolala. Mwisho unafuta kwa kitambaa chenye petroli, unaacha kikauke, na ukishafuta hugusi tena kwa kidole. Kidole cha mtu kina mafuta yake hata kama amenawa. Nyamizi alikuwa hapiki siku ya kufuta, watoto wakala viazi vya kuchemsha. Alikuwa mwepesi kwa kila kitu maishani mwake, lakini si kwa hilo.

Baada ya Operesheni, watu walipokwisha kuhamishwa na kupangwa kwa mistari katika vijiji vipya, kijiji cha kwao Nyamizi kilipata bahati ya kuahidiwa tangi. Lilikuwa tangi la chuma la kupandishwa juu ya mkokoteni, livutwe na ng'ombe, lichote maji lamboni na kuyaleta mpaka katikati ya nyumba. Kule walikohamishiwa palikuwa pazuri kwa pamba na pabaya kwa maji. Mwanamke alitoka asubuhi na ndoo akarudi jua limesimama utosini. Mwenyekiti wa kijiji, Elieza, alikuja mwenyewe Tabora kutafuta fundi, na alipojua kwamba mke wa fundi ni binti yao, alicheka kwa furaha.

"Basi tangi ni la kwetu kabisa," alisema. "Binti yetu atatunywesha maji."

Maneno hayo Nyamizi aliyaweka moyoni. Wakati ule alikuwa na mimba kubwa, tumbo limemtangulia. Alisimama ubavu kwenye jiliwa kwa sababu mbele hapakumfaa, akapiga tupa kingo zote za mabamba yale mazito, mgongo unawaka. Mabruki alikuja kuyakagua, bamba baada ya bamba, akiyainua juani na kufumba jicho moja.

"Haya yamefika," alisema.

Nyamizi akafuta kwa petroli, akazivika kingo vipande vya magunia safi, akazifunga kwa kamba, na lori lililokuja kuchukua mzigo lilipopakia alisimama nyuma yake akiwaambia wapagazi washike katikati, wasishike pembeni. Wapagazi wakamcheka. "Mama, haya ni mabati au ni mayai?" Siku chache baadaye alijifungua mtoto wa kike, Mwanajuma, akaingia arobaini. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Kwa hiyo Mabruki alipopanda na mitungi yake ya gesi kwenda kuunganisha tangi kulekule kijijini, Nyamizi alibaki ndani na mtoto kifuani.

Habari zilirudi na Mabruki mwenyewe. Aliingia, hakumsalimu mtoto. Aliichukua tupa ya mkewe pale ilipokuwa imetundikwa, akaitupa juu darini, ikalia.

"Kuanzia leo usiguse chuma changu."

"Kumetokea nini, Baba Shomari?" Shomari ndiye mtoto wao wa kwanza.

"Tangi linavuja. Linatoka jasho mshono mzima. Bwana kutoka wilayani amekuja kulizindua, wanawake wameshona sare, wamelijaza maji, na maji yanatoka matundu kama ya sindano, tii, tii, tii, mpaka yameisha. Mimi nimesimama hapo na miwani mkononi. Unajua walivyonitazama?"

"Ukasemaje?"

"Nimesema ukweli. Kwamba kingo ulitengeneza wewe, na ulikuwa mzito, ukaharakisha."

Mtoto alikuwa ananyonya.

"Niliharakisha wapi? Si uliyapitisha wewe mwenyewe, ukayaangalia juani?"

"Matundu ni uchafu. Kila fundi anajua. Uchafu huo ni wa nani?"

"Sijui ni wa nani."

"Basi ni wako."

Lililo baya zaidi ni kwamba alimwamini. Mwanamke ambaye hajasoma, aliyejifunza kazi kwa macho, ukimwambia amekosea anaanza kujitafuta ndani. Muda wote uliobaki wa arobaini Nyamizi alirudia kazi ile kichwani, ukingo baada ya ukingo. Je, alijifuta jasho kisha akagusa? Je, alikuwa amepaka nywele mafuta siku ile? Alijitazama vidole kama vidole vya mtu mwingine. Wageni waliokuja kumwona mtoto aliwapokea kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, nao wakadhani ni heshima ya mzazi. Ilikuwa aibu.

Arobaini ilipokwisha alimfunga mtoto mgongoni akapanda basi kwenda kwao. Alisema anampeleka Mwanajuma akaonekane na bibi yake. Kweli ilikuwa hiyo, lakini alichokitaka ni kuuona mshono.

Tangi lilikuwa limeegeshwa kando ya ofisi ya kijiji, mkokoteni wake umeinamia mbele kama mnyama aliyepiga magoti. Kabla hajalifikia akakutana na wanawake wanarudi lamboni, na mbele yao Benedikta, mke wa mjumbe wa nyumba kumi, mwanamke mwenye ulimi.

"Mwangaluka, binti yetu. Umekuja kutunywesha?"

Wengine wakacheka, ndoo zikitikisika.

"Nimekuja kusalimia, shangazi."

"Salimia. Lakini tuambie, wenzetu mjini huwa mnapiga tupa au mnapiga soga? Maana sisi tuliambiwa kuna tangi, na tumeletewa chujio."

Angejibu nini? Alikwenda kwenye tangi akapitisha kidole juu ya mshono. Moto wa Mabruki ulikuwa mzuri, magamba yamepangika, lakini ndani ya magamba mlikuwa na vitundu, vingi, vimetapakaa kote kwa usawa. Hapo ndipo moyo wake uliposhtuka. Kidole kikigusa chuma, tundu linatoka pale kilipogusa. Hapa matundu yalikuwa kila mahali, kama kwamba chuma chote kilikuwa kimeoga mafuta.

Mama yake, Mama Masele kama kijiji kilivyomwita, mjane, aliishi nyumba ya mwisho katika mstari wa pili. Alikuwa amezeeka, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Alimpokea mjukuu, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamkalisha binti yake kwenye kigoda.

"Mwanangu, wanasema mambo. Mimi nawaambia si kweli. Nawaambia, chuma cha mwanangu nilikiona kwa macho yangu, kililala humu ndani mwangu kikimsubiri mkwe. Kilikuwa kinang'aa."

"Kililala humu, mayu?"

"Elieza alisema mali ya kijiji ikae kwa mwenyewe. Na mimi si mwenyewe? Kilikuja kimevishwa magunia kama maiti. Nikakivua."

Nyamizi aliacha kumtazama mtoto.

"Ukakivua ukafanya nini?"

"Nikakipaka samli, nini kingine?" Mama yake alimshangaa. "Jembe la mahari yangu, baba yako alilileta limepakwa samli, na mama yangu akalipaka tena kabla halijalala ndani. Chuma cha mkwe hakilali kikavu nyumbani kwa mama mkwe. Hiyo ni dharau. Na pale pembeni ulipopang'arisha ndipo nilipopaka zaidi, nikasugua kwa kiganja, kisha nikafuta vizuri kwa kanga, fundi asije akasema mama mkwe wake mchafu. Nikayarudishia magunia yake." Akainua mkono kuelekea kibuyu cha samli kilichoning'inia ukutani. "Kile pale. Ilikuwa nusu, nikaimaliza yote kwa ajili yako."

Basi jambo likawa wazi, na lilipokuwa wazi likawa zito kuliko lilipokuwa fumbo. Maana upande ule kila mtu anajua kinachosemwa. Kizee mjane mwenye macho mekundu akipaka mafuta kitu cha kijiji, na kitu hicho kikaharibika mbele ya watu wote, hasemwi kwamba amekosea. Linasemwa neno lingine. Na likishasemwa neno hilo, watu hawaishii kucheka. Tangu walipobananishwa kwa mistari vijijini, vizee wawili wa jirani walikuwa wamekwisha kukutwa asubuhi wamekatwa mapanga milangoni kwao, na hakuna aliyeuliza sana.

"Kwa nini linavuja, mwanangu?" mama yake aliuliza. "Wewe unajua chuma."

"Sijui, mayu."

"Au samli ilikuwa kidogo?"

"Ilitosha, mayu. Ahsante."

Elieza alipopata habari kwamba amefika, aliita watu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kijiji kipate neno la kupeleka wilayani. Watu walikaa chini mbele ya ofisi, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mama yake alikuja pia, akakaa mbele, akiwa na uhakika kwamba leo mwanawe atasafishwa.

"Mama Shomari," alisema Elieza, "hatukukuita kukuhukumu. Fundi alisema kosa ni la kingo. Mama yako anasema kingo zilikuwa njema. Sasa wewe mwenye mikono tuambie. Ziliharibikia wapi?"

Alisimama na mtoto mgongoni. Mbele yake alimwona mama yake, amenyoosha shingo, anangoja. Kando ya wanaume alimwona Bundala, mtani wa ukoo wao, mtu wa maskhara ambaye haachi maiti wala bibi harusi. Siku ya kuchomelea ndiye aliyemshikia Mabruki mabamba. Bundala alikuwa amefungua kinywa kama anayetaka kusema. Alimtazama yule kizee pale mbele, akakifunga.

"Ni mimi," alisema Nyamizi. "Nilikuwa mzito. Niliharakisha."

Mama yake aliinamisha kichwa. Hilo ndilo Nyamizi alilolikumbuka maisha yake yote, kuliko kicheko cha Benedikta. Kizee yule alifunika uso kwa kanga ileile aliyofutia chuma, akamwonea haya mwanawe.

"Angalau amesema," alisema Elieza kwa sauti ya chini, na watu wakaanza kunyanyuka.

Alipokuwa anaondoka, watoto walimfuata mpaka barabarani wakiimba Mama Vuja, Mama Vuja, ndoo yangu iko wapi. Na jina likapanda basi naye. Watu wa Igunga na Nzega wanakwenda Tabora kila siku kwa mambo yao, na mdomo hauna mzigo. Haukupita muda mrefu wanawake wa Ng'ambo wakalijua. Alikoma kwenda kwenye harusi. Kisimani alikwenda saa ambazo wengine hawaendi. Mabruki alitafuta mtu wa kupiga tupa, akaja mmoja, akaja mwingine, na kazi yao Nyamizi aliisikia kutoka jikoni: tupa inalia vibaya, inarukaruka, haijalazwa. Aliumia nayo kama mtu anayesikia mtoto wake akipigwa nyumba ya jirani. Akakaanga vitumbua vyake, mikono imejaa mafuta, sasa ruksa.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alimchukia mama yake wakati mwingine, kisha akajionea haya kwa kumchukia. Alitamani mumewe amwulize tena, kwa upole, mara moja tu, labda angemwambia. Hakumwuliza. Tangi lile wanakijiji walilishusha kwenye mkokoteni, wakalitoboa mlango, kuku wakataga ndani.

Miaka ilikwenda. Mwanajuma alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi Mama Masele alipofariki, kwa maradhi, kitandani kwake, kama mtu anavyopaswa kufariki. Masele, kaka yake Nyamizi, alituma salamu, wakaenda wote, Mabruki pia. Katika maisha yake yote Mabruki hakuwahi kukaa na mama mkwe wake ana kwa ana. Alishika heshima ya kwao mkewe: akimwona njiani aliacha njia, akiwa na neno alimtumia mtu, na ndani ya ua wake hakutia mguu. Hata msibani alikaa mbali, nje ya ua, na wanaume wengine, mgongo kwa mlango.

Siku ya kumaliza matanga, watani wakaingia. Wafiwa hawawezi kukataa. Mtani ana haki ya kumwigiza marehemu, na ukimkasirikia umevunja mila. Bundala alitokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga ya marehemu, amejipaka majivu, kibuyu cha samli mkononi, anatembea kwa kuinama kama alivyotembea yeye. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

Akaokota jembe la mtu. "Karibu, mkwe wangu," akaliambia jembe, kwa sauti nyembamba ya kizee. "Umekauka hivyo, kwenu hawakupaki?" Akalipaka. Akaona baiskeli ya Masele, akaipaka usukani. Akaona sufuria la pilau, akalipaka matako yake. Kila chuma kilichokuwa uani kilipata samli, hata kifungo cha koti la Elieza. Watu wakaanguka wakicheka, kwa sababu alikuwa yeye hasa, marehemu aliyewapaka mafuta majembe yao yote siku za mavuno. Na Nyamizi akacheka. Alikuwa wa kwanza kucheka kati ya wanawake waliofunga vitambaa vya msiba, akacheka mpaka machozi, miaka yote hiyo hakuwa amecheka hivyo.

Bundala akaketi chini. Akavua kanga. Akatoa mfukoni magunzi mawili aliyoyafunga kwa uzi, akayavaa machoni kama miwani ya fundi. Akachukua kijiti, akakielekeza kwenye jembe lililopakwa.

"Shhhhh," alifanya kama moto wa gesi. Akasita. Akanusa. Akanusa tena. "Mh. Mbona kama mtu anakaanga?" Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Harufu hii naijua. Ni samli ya mama mkwe." Akavua miwani, akajikuna. "Sasa nifanyeje? Kuingia kwake kumwuliza siwezi. Bwana kutoka wilayani anakuja. Watu wananitazama. Aa, choma tu, Mabruki, choma." Akarudisha miwani. "Shhhhh." Kisha akasimama, akajipiga kifua, akasema kwa sauti ya mjini: "Ndugu wananchi, aliyeharibu ni mke wangu."

Kicheko kilianza kwa nguvu, kikafika katikati, kikafa. Watu walikuwa wanageuka mmoja mmoja. Wengine walimtazama Nyamizi. Wengine walitazama nje ya ua, kule kwenye mgongo wa Mabruki ambao haukugeuka. Benedikta alikuwa ameshika kinywa.

Nyamizi alibaki na kicheko usoni kama mtu aliyesahauliwa na chakula mkononi. Kwanza alijionea haya kwa kuwa amemcheka mama yake. Halafu, polepole, likamwingia la pili. Mumewe alinusa. Alijua.

Mtani akimaliza hupewa kitu. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kingine cha mama yake, kilichokuwa kimejaa, akampa Bundala mkononi.

"Miaka yote hiyo ulikuwa na neno hili," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ningelitoa lini, bibi harusi?" alisema Bundala, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Yeye akiwa hai ningemwua. Leo watakwenda kumdai wapi?"

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mabruki alimwita pembeni, nyuma ya nyumba.

"Ni kweli nilinusa," alisema. Alikuwa anatazama chini. "Lakini fikiri, Mama Shomari. Ningemtaja mama mkwe wangu mbele ya watu? Na wewe unajua wangemfanya nini. Nilimfunika mama yako."

"Ulimfunika," alisema Nyamizi. "Ulimfunika kwa kanga yangu, mimi ukaniacha uchi."

"Ningefanyaje?"

"Ungefuta."

Mabruki aliinua macho.

"Kitambaa na petroli, Baba Shomari. Ungezima moto, ukafuta, ukasugua kwa burashi, ukawasha tena. Usimtaje mtu. Hakuna ambaye angejua, si yeye, si mimi. Jua lingekuwa limesogea tu. Hukutaka watu wakuone unafanya kazi ya mkeo."

Lilikuwa hilo.

Siku ya pili Elieza alikuja na maneno mazuri, kwamba kijiji kimeona haya, kwamba wangependa kumwomba radhi. Nyamizi alisema radhi hazihitaji, anahitaji tangi. Wakawatoa kuku, wakatafuta bamba la kuziba ule mlango. Shomari alitumwa Tabora kuchukua mitungi, na alipokuja nayo alileta pia tupa aliyoiteremsha darini, imeota kutu mpaka kwenye mpini. Nyamizi alikaa chini mchana, mbele ya ofisi ileile, akaifungua mishono ya zamani upya, akaichimba ndani kwa ndani mpaka bonde likarudi, na wanawake wakapita na ndoo zao wakimtazama. Benedikta alisimama akamwekea mwavuli. Nyamizi hakumwambia ahsante, wala hakumfukuza.

Alipomaliza kufuta aliinua kichwa. Mabruki alikuwa amekaa kwenye jiwe, miwani shingoni, anangoja, mbele ya watu wote.

"Yamefika?" aliuliza.

"Washa."

Moto ulipita vizuri mshono wa kwanza, na wa pili. Kwenye pembe ya chini, pale bamba lilipolalia chuma cha kona, mahali ambapo tupa haifiki, samli ya miaka yote ile ilikuwa imejificha katikati. Moto ulipopasha, ikatoka moshi mwembamba, na harufu. Mabruki akazima papo hapo, akarudi nyuma, akampisha.

Nyamizi alisogea na kitambaa. Ilikuwa harufu ya nyumba ya mama yake, ya kiganja chake, ya kanga aliyojifunikia uso siku ile akimwonea haya mwanawe, haya aliyokufa nayo akiamini kwamba mwanawe alikuwa mzembe. Alifuta. Alifuta pale palipokuwa pamekwisha kuwa pakavu. Watu walidhani ni umakini wa kazi, nao wakanong'ona kumsifu. Alikuwa ameinama ili wasimwone anavyolia.

Tangi halikuvuja tena. Ng'ombe wanalivuta mpaka leo. Likipita, watoto ambao hawajui chochote hukimbia nyuma yake na vikopo wakiita, Mama Vuja anakuja, Mama Vuja anakuja, maana ndilo jina walilokuta tangi likiitwa.